Sindano ya kwenye msuli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wauguzi na wanafunzi wa uuguzi

Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo mkufunzi husikia kila mwaka kutoka kwa wanafunzi wanaokuja kufanya mafunzo kwa vitendo katika hospitali za Dodoma mjini, na kutoka kwa wauguzi wanaofanya kazi peke yao, au wawili tu, katika zahanati za Chamwino, Bahi, Kongwa, Chemba na Mpwapwa. Majibu hayakupewa urefu sawa. Swali la kuchoma tako limechukua nafasi kubwa kuliko mengine kwa sababu huko ndiko yanakotokea madhara yasiyorekebishika, na kwa sababu ni mazoea yaliyoota mizizi kuliko yote.

Kwa nini dawa fulani ichomwe kwenye msuli, badala ya kumezwa au kupitia mshipa wa damu?

Msuli una mishipa midogo mingi ya damu, kwa hiyo dawa iliyowekwa ndani yake hufyonzwa haraka kuliko iliyowekwa kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, ingawa si haraka kama iliyopita moja kwa moja kwenye mshipa. Pia msuli huvumilia dawa nzito, za mafuta, au zinazochoma, ambazo zingeumiza ngozi na mafuta yake. Baadhi ya dawa hizo zimetengenezwa makusudi ili zikae kama akiba ndani ya msuli na kutoka kidogokidogo: sindano ya uzazi wa mpango ya miligramu 150 hudumu miezi 3, na penisilini ya benzathini anayopewa mgonjwa mwenye ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi hurudiwa kila baada ya wiki 3 hadi 4.

Hata hivyo, swali la kwanza kwa muuguzi halipaswi kuwa nichome wapi. Linapaswa kuwa, je, sindano hii inahitajika? Wapo wagonjwa wengi, hasa wazee, wanaoamini kwamba hawajatibiwa mpaka wachomwe, na wapo watoa huduma wanaowaridhisha. Mgonjwa anayeweza kumeza, asiyetapika, na ambaye dawa yake ipo ya vidonge yenye nguvu ileile, hana sababu ya kutobolewa. Kumweleza hivyo kwa upole huchukua dakika 5, na dakika hizo ni sehemu ya tiba.

Ni sehemu zipi za mwili zinazofaa, na nitazipataje bila kubahatisha?

Sehemu hupatikana kwa kugusa mfupa. Jicho peke yake hudanganya, kwa kuwa miili haifanani, na mgonjwa mnene huficha mipaka yote unayodhani unaiona.

Begani, tafuta kwa kidole ncha ya mfupa iliyo juu kabisa ya bega, kisha shuka upana wa vidole 2 au 3. Hapo katikati ya msuli, juu ya usawa wa kwapa, ndipo mahali penyewe. Ukichoma juu zaidi, dawa huweza kuingia kwenye kiungo cha bega na kuacha maumivu ya miezi. Ukishuka sana au ukienda nyuma, unaikaribia neva inayozunguka mfupa wa mkono. Mgonjwa akunje nguo mpaka bega lote lionekane. Kuivuta shingo ya blauzi kando ili kupata nafasi ndogo ya kuchoma ndiko kunakomfanya muuguzi achome juu mno.

Pajani, weka kiganja kimoja chini kidogo ya kifundo cha mfupa kinachojitokeza ubavuni mwa nyonga, na kingine juu tu ya goti. Sehemu inayobaki katikati, upande wa nje ukielekea mbele kidogo, ndiyo salama. Hakuna neva kubwa wala mshipa mkubwa wa damu unaopita hapo, na ndiyo sababu watoto wachanga wote huchomwa paja.

Ubavuni mwa nyonga ndipo wanafunzi wengi wamesoma darasani lakini hawajawahi kuona mtu akichoma. Tumia mkono wako wa kulia kwa nyonga ya kushoto ya mgonjwa, na wa kushoto kwa nyonga ya kulia. Weka kitako cha kiganja juu ya kile kifundo cha mfupa wa paja, kidole cha shahada kiguse ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, kisha tanua kidole cha kati kwenda nyuma kufuata ukingo wa mfupa huo. Vidole viwili vitafanya pembe mithili ya herufi V, na sindano huingia katikati ya pembe hiyo. Mgonjwa anaweza kulala chali, kifudifudi au kwa ubavu. Akilala ubavu na kukunja goti la juu, msuli hulegea vizuri.

Mazoezi bora ni kujigusa mwenyewe, kisha kumgusa mwenzako kwa ridhaa yake, mara 20 kabla ya kushika sindano. Mwanafunzi aliyefanya hivyo hutambulika mara moja wodini, kwa kuwa mkono wake unakwenda mahali penyewe bila kupapasa.

Tumefundishwa kuchoma tako, na wazee wetu wa kazi wanachoma tako hadi leo. Kwa nini sasa tunaambiwa tuache?

Kwa sababu ndani ya tako inapita neva ya siatiki, ambayo ni neva kubwa kuliko zote mwilini, ikitoka kwenye nyonga kwenda mguuni, na karibu nayo kuna mshipa mkubwa wa damu. Sindano au dawa ikiigusa neva hiyo, mgonjwa husikia kama shoti ya umeme inayoshuka mpaka kwenye unyayo, na baadaye anaweza kushindwa kuinua mguu anapotembea. Wengine hupona baada ya miezi. Wengine hawaponi.

Ndiyo, wapo wauguzi waliochoma tako kwa miaka 30 wakigawa kila upande kwa mistari miwili ya kufikirika na kuchoma robo ya juu upande wa nje, na hawakumlemaza mtu. Robo hiyo ikipatikana kwa usahihi haina neva ya siatiki. Tatizo ni kwamba mistari hiyo haishiki kwenye mfupa wowote. Mgonjwa akisimama ameinama juu ya kitanda, suruali ikiwa imeshushwa nusu, sehemu inayoonekana siyo tako lote, kwa hiyo robo ya juu ya kile kinachoonekana huwa kwa kweli ni katikati ya tako. Hivyo ndivyo ajali inavyotokea kwa mtu ambaye angeapa kwamba amefuata utaratibu.

Sababu ya pili ni mafuta. Kwa watu wengi, na hasa wanawake, tabaka la mafuta ya takoni ni nene kuliko urefu wa sindano tunazotumia, kwa hiyo dawa haifiki msulini kabisa. Inabaki kwenye mafuta, inafyonzwa taratibu na isivyotabirika, na mara nyingine inaacha uvimbe mgumu au jipu. Ubavuni mwa nyonga tabaka hilo ni jembamba zaidi, na mifupa iliyo jirani inakuonyesha mipaka.

Kwa mtoto mdogo hakuna mjadala. Misuli ya tako bado haijakua, neva inachukua sehemu kubwa ya nafasi ndogo iliyopo, na mtoto anajipinda. Katika miaka yangu ya wodini nimewahi kumpokea mtoto aliyeletwa na bibi yake akiburuta mguu mmoja, siku chache baada ya kuchomwa sindano ya homa mahali ambapo hapakustahili kuchoma watu sindano. Bibi alikuwa akirudia neno moja tu, kwamba mtoto aliingia mle akikimbia. Historia ya tiba barani Afrika ina visa vingi vya namna hiyo, hasa vya kwinini iliyochomwa takoni kwa watoto wenye malaria, na vya misuli ya paja au tako iliyokakamaa baada ya sindano nyingi za kurudia mahali pamoja.

Kwa hiyo jibu fupi ni hili: kwa mtu mzima tumia ubavu wa nyonga, au bega kwa dawa chache, kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja tumia paja daima. Kama msimamizi wako anasisitiza tako, usibishane naye mbele ya mgonjwa. Mwombe kwa heshima, “Dada mkuu, naomba nichome ubavuni mwa nyonga, nawe unitazame kama nimepapata.” Ni nadra ombi la namna hiyo kukataliwa, na mara nyingi huwa mwanzo wa mazungumzo mazuri kati yenu.

Lakini mbona mwongozo wa kifafa cha mimba unaagiza magnesiamu salfeti ichomwe matakoni?

Ni swali la haki. Katika utaratibu unaotumia msuli, mama hupewa gramu 4 kupitia mshipa, kisha gramu 5 katika kila tako, yaani gramu 10 kwa jumla, na baadaye gramu 5 kila saa 4 kwa kupokezana upande. Gramu 5 za myeyusho wa asilimia 50 ni mililita 10, ujazo mkubwa kuliko tunaoruhusu mahali pengine popote, na ndiyo maana huchanganywa na mililita 1 ya lignokaini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2 na kuchomwa kwa kina kwenye msuli mkubwa. Hapa tunapima hatari mbili: ile ya sindano, na ile ya mama kufa kwa degedege akiwa njiani kutoka zahanati ya mbali kwenda hospitali. Ya pili ni kubwa zaidi. Mlaze mama kwa ubavu, fungua nguo mpaka tako lote lionekane, tafuta mifupa, choma robo ya juu upande wa nje, na kabla ya kila dozi inayofuata hakikisha anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka linapogongwa, na mkojo unatoka angalau mililita 30 kwa saa.

Nitumie sindano ya ukubwa gani?

Namba ya geji ikipanda, sindano inakuwa nyembamba. Rangi ya kitako cha plastiki inakuonyesha bila kusoma: buluu ni geji 23, kijani ni 21, nyeusi ni 22, ya machungwa ni 25. Kwa chanjo na dawa nyepesi, geji 23 yenye urefu wa milimita 25 inatosha kwa bega la mtu mzima wa kawaida na kwa paja la mtoto. Dawa nzito au za mafuta zinahitaji geji 21. Mtu mnene anahitaji sindano ndefu, hadi milimita 38, la sivyo unachoma mafuta na kuandika kwenye faili kwamba umechoma msuli.

Ukivuta dawa kutoka kwenye ampuli ya kioo au kupitia mpira wa kichupa, badilisha sindano kabla ya kumchoma mgonjwa kila akiba inaporuhusu. Iliyotoboa mpira imepoteza ukali, na iliyolowa dawa kwa nje inachoma ngozi inapopita.

Kiasi gani cha dawa kinaruhusiwa mahali pamoja?

Begani usizidishe mililita 1, au 2 kwa mtu mwenye msuli uliojengeka. Ubavuni mwa nyonga na pajani mtu mzima huvumilia mililita 3 bila shida, na 5 ndiyo kikomo. Mtoto mchanga asipewe zaidi ya mililita 1 mahali pamoja. Dozi ikizidi, igawe na uchome sehemu mbili.

Je, ni lazima kusafisha ngozi kwa spiriti?

Kwa dawa za tiba, ndiyo: pamba safi yenye alkoholi ya asilimia 60 hadi 70, ukianzia katikati kwenda nje kwa sekunde 30, kisha uiache ngozi ikauke kwa sekunde 30 nyingine. Kukauka ndiko kunakoua vijidudu, na alkoholi mbichi ikiingia na sindano inaongeza maumivu. Usipulize wala kupepea kwa karatasi. Kwa chanjo, ngozi inayoonekana safi haihitaji alkoholi, na iliyo chafu inaoshwa kwa maji na sabuni. Mtoto aliyebebwa mgongoni kutoka kijijini katika vumbi la Agosti la hapa kwetu anahitaji kuoshwa paja kabla ya chanjo, na mama yake hatachukizwa ukimwomba, mradi umwombe kwa adabu.

Kuna jambo moja ambalo bado naliona na linanisikitisha: kopo la pamba zilizolowekwa spiriti tangu asubuhi, limefunuliwa juu ya meza, kila mtu akichovya vidole. Pamba hizo huchafuka, alkoholi hupungua nguvu kwa kuvukiza, na upepo wa Dodoma hauachi kitu kilicho wazi bila kukitia vumbi. Lowesha kila pamba wakati unapoihitaji.

Nielezeni tendo lenyewe, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Soma agizo la daktari na ulilinganishe na dawa iliyo mkononi, ukijiuliza kama ni mgonjwa huyu, dawa hii, dozi hii, njia hii na wakati huu. Muulize mgonjwa jina lake lote badala ya kumtajia ili akubali tu. Katika wodi yenye akina Mazengo wawili, kuitikia “ndiyo” hakuthibitishi lolote. Muulize kama aliwahi kudhurika na dawa. Nawa mikono. Glovu si lazima kwa sindano ya msuli kama ngozi yako na ya mgonjwa ni nzima, na kamwe hazichukui nafasi ya kunawa.

Salamu ni sehemu ya utaratibu. Muuguzi kijana wa kike anapomwambia mzee ashushe suruali bila kumwamkia, msuli wa mzee hukaza kabla sindano haijatoka kwenye karatasi. Mwamkie “shikamoo”, au “mbukwenyi” kama ni mzee wa Kigogo, vuta pazia, mweleze unachofanya, na umfunue sehemu inayohitajika kwa usahihi wa kazi, si zaidi.

Mweke akae au alale, kwa kuwa wapo wanaozimia, hasa vijana. Tafuta sehemu kwa kugusa mfupa, safisha, subiri ikauke. Inyooshe ngozi kwa vidole viwili. Kwa mgonjwa aliyekonda sana au mtoto, badala ya kunyoosha, ukusanye msuli katikati ya vidole ili sindano isigonge mfupa. Shika bomba kama kalamu na uingize sindano kwa nyuzi 90, kwa tendo moja la haraka na lisilo na kusita. Wanafunzi wengi huogopa na kuisukuma polepole, na huko ndiko kunakouma. Kinachotakiwa kwenda polepole ni dawa: sekunde 10 kwa kila mililita, ili nyuzi za msuli zipate muda wa kuachana na kuipokea. Ukimaliza, subiri kidogo, chomoa kwa mwelekeo uleule ulioingilia, na ugandamize kwa pamba kavu bila kusugua. Tupa bomba na sindano yake mara moja kwenye sanduku la usalama, ambalo linapaswa kuwa mahali unapolifikia bila kupiga hatua.

Je, nivute pistoni nyuma kuangalia damu?

Kwa chanjo, hapana. Shirika la Afya Duniani lilishauri hivyo mwaka 2015, kwa kuwa bega na paja havina mishipa mikubwa mahali pa kuchoma, na kuvuta kunarefusha muda wa sindano mwilini na kuzidisha maumivu ya mtoto. Kwa dawa za tiba, desturi na miongozo hutofautiana. Ila kwa penisilini ya benzathini, kwa dawa za mafuta, na popote unapolazimika kuchoma tako, vuta kwa sekunde 5 hadi 10. Kuvuta kwa kufumba na kufumbua hakuonyeshi lolote. Ukiona damu, chomoa, tupa vyote, andaa dozi mpya na uchome sehemu nyingine.

Mbinu ya kuvuta ngozi kando ni ipi, na inafaa lini?

Kabla ya kuchoma, ivute ngozi upande mmoja kwa sentimita 2.5 hadi 3.5 na uishikilie hivyo. Choma, sukuma dawa, subiri sekunde 10 sindano ikiwa ndani, chomoa, ndipo uiachie ngozi. Tabaka zikirudi mahali pake, tundu la ngozi na tundu la msuli havikutani tena, kwa hiyo dawa imefungiwa ndani. Mbinu hii ni ya lazima kwa sindano za madini ya chuma, ambazo zikivuja huacha doa jeusi kwenye ngozi, na inafaa sana kwa dawa za mafuta za wagonjwa wa akili. Mwanafunzi atakayepangiwa Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe ataihitaji mapema, kwa kuwa mgonjwa wa flufenazini anaweza kuchomwa kila mwezi kwa miaka mingi, na misuli yake ni ya kutunzwa. Tumia bomba na sindano vikavu kabisa, kwani tone la maji huichafua dawa hiyo ya mafuta, na uandike kila mara ni upande gani uliochomwa ili mwezi ujao uchomwe mwingine.

Ni dawa zipi zina masharti yake yenyewe?

Penisilini ya benzathini ni nzito na hutuama upesi, kwa hiyo itikise, ivute na uichome bila kuchelewa, kwa geji 21 au nene zaidi, kwa msukumo wa taratibu na usiokatika, maana ukisita inaziba. Dozi ya yuniti milioni 2.4 igawanywe nyonga mbili. Isiingie kwenye mshipa wa damu kamwe, kwa sababu inaweza kuusimamisha moyo.

Atesuneti ya malaria kali huyeyushwa kwa bikaboneti inayokuja nayo, mililita 1 kwa kichupa cha miligramu 60, usubiri myeyusho uwe mweupe kama maji. Kwa msuli unaongeza mililita 2 za saline (maji ya chumvi ya hospitali), na kupata miligramu 20 kwa kila mililita. Kwa mshipa unaongeza mililita 5, na kupata miligramu 10. Wanaochanganya hizi mbili humpa mgonjwa nusu au maradufu ya dozi. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, na mwenye kilo 20 au zaidi miligramu 2.4. Huchomwa paja, upande wa mbele, na kilichobaki baada ya saa moja kinamwagwa.

Seftriaksoni huuma sana, kwa hiyo kwa msuli huruhusiwa kuyeyushwa kwa lignokaini. Kichupa hicho kikishachanganywa hivyo kisipelekwe kwenye mshipa kwa sababu yoyote. Oksitosini, yuniti 10 ndani ya dakika 1 baada ya mtoto kuzaliwa, hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Iliyokaa juu ya meza katika joto la Novemba inaweza kumwacha mama akitoka damu ingawa umechoma kwa ufundi wote. Sindano ya uzazi wa mpango itikiswe vizuri kabla, na mahali palipochomwa pasisuguliwe, kwa maana kusugua huharakisha kufyonzwa na kupunguza muda wa kinga.

Watoto wa kliniki wanachomwa wapi?

Chanjo ya penta, yaani chanjo moja inayokinga magonjwa matano, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, huchomwa paja la kushoto, na ya nimonia paja la kulia. Zikilazimika kuwa mbili kwenye paja moja, zitenganishwe kwa sentimita 2.5. Mama ampakate mtoto na, akiweza, amnyonyeshe wakati huohuo; maziwa ya mama ni dawa ya maumivu isiyo na gharama. Surua-rubela haichomwi msuli bali chini ya ngozi, na ya kifua kikuu ndani ya ngozi, kwa hiyo ujuzi wa ukurasa huu usihamishiwe huko.

Nani asichomwe sindano ya msuli?

Mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, mwenye chembe sahani (chembe zinazosaidia damu kuganda) chache, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda wasichomwe bila daktari kujua. Ikilazimu, kwa mfano chanjo, tumia geji 23 au nyembamba zaidi na ugandamize angalau dakika 2 bila kusugua. Mgonjwa aliye katika mshtuko, mwenye mikono baridi na mapigo hafifu, hafyonzi dawa kutoka msulini, hivyo atafutiwe mshipa. Wala usichome penye kidonda, uvimbe, jipu, kovu au mguu uliopooza.

Mgonjwa akibadilika ghafla baada ya sindano, nifanye nini?

Anayezimia kwa hofu hubadilika rangi, hutoka jasho, mapigo yake hupungua kasi, na hurudi hali yake akilazwa miguu juu. Mwenye mshtuko wa mzio huwashwa, huvimba midomo, hupumua kwa kukoroma au kubanwa, mapigo yake huenda mbio, na presha hushuka. Huyu wa pili mchome adrenalini ya 1 kwa 1,000 papo hapo, mililita 0.5 kwa mtu mzima, upande wa nje wa katikati ya paja, hata kupitia nguo. Kwa mtoto ni mililita 0.01 kwa kila kilo. Rudia baada ya dakika 5 kama hakuna nafuu. Haidrokotisoni si mbadala wake. Kwa hiyo adrenalini iwe juu ya troli kabla ya sindano ya kwanza ya siku, na kila aliyechomwa penisilini asubiri kwenye benchi nusu saa, aliyechanjwa robo saa.

Nimejichoma na sindano iliyotumika. Nifanyeje?

Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue wala kumwagia jiki. Mwarifu msimamizi saa hiyohiyo na uende kupimwa, kwa sababu dawa za kukinga maambukizi ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, kwa vyovyote kabla ya saa 72, na humezwa siku 28. Uwezekano wa kupata VVU kwa njia hii ni kama asilimia 0.3, lakini wa homa ya ini aina ya B kwa asiyechanjwa unaweza kufika asilimia 30, kwa hiyo kila mwanafunzi amalize chanjo hiyo kabla ya kwenda wodini. Wengi huficha wakiogopa kulaumiwa. Msimamizi anayemgombeza aliyejichoma anawafundisha wengine kunyamaza.

Ajali nyingi hutokea wakati wa kurudishia kifuniko. Kisirudishwe. Sanduku la usalama lifungwe likijaa robo tatu, na lisibanwe kwa mkono ili lipokee zaidi.

Niandike nini kwenye faili?

Dawa, dozi, saa, njia, sehemu na upande, kisha sahihi na jina linalosomeka. “IM imetolewa”, yaani sindano ya msuli imetolewa, haitoshi. Mgonjwa akirudi baada ya wiki na uvimbe ubavuni mwa nyonga ya kulia, muuguzi wa zamu ile atahitaji kujua kama ndipo mlipochoma, na safari hii achome ya kushoto.